Tiki ya Alhamisi

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, nilitia tiki kwenye kisanduku kilichoandikwa "Ndiyo". Ninatamani ningekataa. Swali la fomu lilikuwa fupi: Je, jamii imeukubali mradi? Kando ya meza yangu alisimama kijana aliyeajiriwa kukusanya makaratasi ya mradi, funguo za gari zikicheza kidoleni.

"Mzee, hii lazima ifike Nairobi kesho asubuhi," alisema. "Na wale wazee si walisema haye? Haye si ni ndiyo?"

Yeye alikuwa mgeni. Alikuwa na miezi michache tu Isiolo, na neno hilo alilisikia kila alipokwenda, kwa hiyo kosa lake ninalielewa. Langu halina udhuru. Mimi nimezaliwa hapa. Babu yangu alikuwa askari wa Mwingereza, akaachwa katika mji huu vita vilipokwisha, na sisi wajukuu tumekulia katikati ya Wasomali na Waborana tukizisema lugha zote mbili kabla ya kujifunza Kiswahili. Nilijua vizuri kwamba haye si ndiyo.

Kwa asiyetoka huku, nieleze. Mtu wa kwetu akikusimulia jambo, humkodolei macho kimya. Kila anapofika mwisho wa kipande cha maneno yake unamwitikia: haye. Maana yake, nimesikia, endelea. Ukinyamaza atadhani umelala au umemdharau. Unaweza kumwitikia mtu haye mara ishirini, halafu ukayakataa yote aliyosema, na hakuna atakayekuita kigeugeu. Kusikia ni jambo moja na kujibu ni jambo jingine, na mara nyingi hata siku zake ni tofauti.

Nilijua hayo yote, nikatia tiki. Kisha nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu, ninayoionea fahari tangu darasa la tatu.

Niseme kwa nini nilikuwa na kalamu hiyo. Nilimaliza kidato cha nne wakati waliomaliza walikuwa wachache huku, nikaajiriwa karani katika baraza la mji la zamani, na kila chifu au afisa mgeni alipotaka kusema na watu, niliitwa kutafsiri. Nilistaafu. Serikali za kaunti zikaja, baadaye Isiolo ikapewa hadhi ya manispaa, na wakaazi wa mitaa yetu wakanichagua niwe katibu wa jukwaa lao. Kazi ilikuwa kuandika yanayosemwa mikutanoni na kuyafikisha ofisini. Ilikuwa kazi ndogo lakini niliipenda.

Niliipenda kwa sababu ya aina ya msaada uliokuja safari hii. Misaada tuliyoizoea ilikuja juu ya lori: mahindi ya manjano, mafuta ya kupikia, blanketi. Ilishushwa, ikagawanywa, lori likaondoka, na mji ukabaki ulivyokuwa. Huu ulikuja na maswali. Wafadhili walisema watatoa fedha za kujenga mji, lakini manispaa iwe na bodi yake, iwe na mpango ulioandikwa, iwe na dawati ambapo mtu yeyote anaweza kuleta malalamiko, na ionyeshe kwamba wananchi wameulizwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mji ukitimiza masharti, fedha zinakuja. Usipotimiza, unangoja mwaka mwingine. Wengi walinung'unika. Mimi nilifurahi mno. Nilikuwa nimetumikia miaka mingi katika ofisi ambapo mwananchi aliulizwa jambo moja tu: kodi yako iko wapi?

Na tulihitaji mtaro. Mvua ikinyesha kwenye miinuko, maji yalikuwa yakishuka kupitia laga, mto ule mkavu wa msimu, yakiingia mitaani kwetu na kufika sokoni. Mama mmoja muuza nyanya, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko wembe, nilimwona mwaka mmoja akikimbiza kreti zake zikielea huku akiyatukana maji kwa Kimeru na Kisomali. Kwa hiyo mradi wa kwanza kwenye mpango wetu ulikuwa mtaro mkubwa wa simiti, barabara ya lami pembeni yake, na taa.

Mkutano wa wananchi ulifanyika Jumanne ya wiki hiyo, kwenye hema katika uwanja wa shule. Mhandisi wa manispaa, binti wa kutoka Meru, alibandika ramani kwenye ubao akaeleza mtaro utaanzia wapi na kuishia wapi. Mimi nilitafsiri. Wazee waliketi mstari wa mbele.

"Mtaro utakuwa na kina cha mtu mzima," alisema.

"Haye."

"Utapita nyuma ya mtaa, uende moja kwa moja hadi mtoni."

"Haye."

Katikati ya mstari huo alikuwa rafiki yangu, fimbo ameilaza magotini. Tulianza darasa la kwanza pamoja, dawati moja. Alipofika darasa la nne baba yake alimtoa shuleni akampeleka Kulamawe kuchunga, akarudi mjini akiwa mtu mzima mwenye ng'ombe wake na boma lake, si mbali na nyumba yangu. Yeye aliniita Karani. Mimi nilimwita Jarsa, yaani mzee, tangu tukiwa watoto, kwa sababu hata akiwa na miaka kumi alikunja uso kama baba wa binti wanne wanaoposwa. Nikiwa na harusi, ng'ombe wa kuchinja ni wake. Akiwa na barua, msomaji ni mimi. Ng'ombe wake walipita nyuma ya nyumba yangu kila siku, wakitoka malisho ya upande wa Leparua kwenda mtoni kunywa. Njia hiyo ilikuwepo kabla ya babu yangu kushuka kwenye lori la jeshi.

Kwenye ramani njia hiyo haikuwepo. Mtaro uliikata katikati.

Mhandisi alipomaliza, mzee mkubwa kuliko wote alisimama. "Tumesikia," alisema. "Tutakaa sisi wenyewe. Jibu mtapata Ijumaa baada ya swala." Nilitafsiri maneno hayo kwa kinywa changu. Mhandisi akasema, "Sawa, tutangoja."

Halafu Alhamisi akaja kijana wa funguo, na sharti la fomu kufika Nairobi Ijumaa asubuhi. Hakunitisha, wala hakuniahidi kitu. Ningeweza kumwambia, "Jibu ni kesho, omba siku moja." Nilifikiria mwaka mwingine wa maji sokoni, nikafikiria mji mwingine ukichukua fedha zetu, na, nikiwa mkweli, nikafikiria jinsi katibu wa jukwaa lililoshinda atakavyotazamwa. Nikajiambia wazee watakubali tu. Nikatia tiki.

Ijumaa, baada ya swala, Jarsa alikuja kwangu na kofia yake nyeupe na kikoi kilichopigwa pasi. Mke wangu akatuletea chai.

"Salaam aleikum, Karani. Toa kalamu."

"Aleikum salaam. Nimetoa."

"Wazee wamekubali mtaro," alisema. "Maji imetusumbua sisi pia. Lakini tunataka kitu moja. Mahali ya ng'ombe kupita juu ya hiyo mtaro. Pana, kama lango ya boma mbili. Basi. Hatuombi kingine."

"Haye," nilisema.

"Usiniambie haye! Andika."

Tukacheka. Niliandika kwenye daftari langu, neno kwa neno.

"Utafikisha?"

"Nitafikisha."

Sikufikisha. Ningepeleka jibu hilo ofisini, mtu angeuliza: kama wazee wamejibu leo, jana uliandika jibu la nani? Kwa hiyo nililifunga daftari. Nilijiambia mafundi wana macho, wataiona njia yenyewe, imechimbwa na kwato za miaka mia. Hilo lilikuwa kosa la pili, nami huliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kwa pupa. La pili nililifanya nikimtazama rafiki yangu akinywa chai.

Tulishinda. Habari zilifika asubuhi moja na kabla ya adhuhuri mji mzima ulizijua. Isiolo imetimiza masharti! Meneja wa manispaa alikuja sokoni kwa miguu kuwaambia watu. Mama wa nyanya akampa nyanya moja kubwa, akamwambia, "Kula, lakini mtaro usipokuja nitaidai." Watu wa bodi walinishika mkono. Mihtasari yako imetubeba, waliniambia, na mimi nikaupokea mkono ule wa pongezi.

Kazi ilifanywa vizuri. Nimeona miradi mingi iliyozinduliwa mara tatu bila kujengwa, kwa hiyo ninajua ninachosema. Vijana wa mtaa waliajiriwa. Bango lilisimamishwa likieleza ni nani anajenga na itaisha lini, na iliisha karibu na wakati huo. Kila mwezi mhandisi alikuja kwenye jukwaa letu akajibu maswali akiwa amesimama, wakati mwingine kwa muda mrefu kuliko khutba. Fundi mmoja aliweka kokoto mbovu. Wakaazi wakalalamika kwenye dawati, na ukuta ukabomolewa ukajengwa upya. Nilimwona bibi kizee akigonga simiti kwa bakora yake na kumuuliza mhandisi, "Hii nayo itakaa?" Katika baraza letu la zamani bibi huyo asingevuka hata geti.

Taa zikawaka. Wauza miraa na wauza maziwa ya ngamia wakasogeza meza zao chini yake. Kisha mvua ya kwanza kubwa ikaja. Tulitoka nje, watu wazima na akili zetu, tukasimama kando ya mtaro kutazama maji. Yalishuka yakinguruma, mekundu, yamebeba matawi na kiatu kimoja, yakapita mbele yetu bila kupanda mtaani, yakaenda zake mtoni. Watu wakapiga makofi kama wanaotazama mpira.

"Leo nyanya zangu hazijaoga!" mama alipiga kelele. "Jamani, njooni mziguse. Kavu!"

Nililia machozi, sioni haya kusema. Mji wangu ulikuwa umejifanyia jambo.

Jarsa alisimama ng'ambo ya pili ya mtaro na ng'ombe wake.

Mtaro ulikuwa na kuta zilizosimama wima. Kulikuwa na vidaraja vya watu, vyembamba, vyenye vyuma pembeni. Ng'ombe hangeweza kupita. Mvua ilipoisha na malisho ya karibu yakakauka, Jarsa alianza kuwazungusha kwa barabara kuu. Malori ya kwenda Moyale yalimpigia honi. Askari wa trafiki walimfukuza. Safari ya maji iliyokuwa ya muda wa kuchemsha chai ikawa ya nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na ng'ombe wanaotembea siku nzima hawanenepi.

Alinikuta msikitini. "Karani, ile maneno ya kupita ulifikisha?"

"Wanashughulikia," nilimjibu.

Neno hilo nilijifunza ofisini. Halina mtu ndani yake. Aliniamini, akaenda. Miezi miwili akaniamini. Katika miezi hiyo aliuza fahali wawili, kisha mitamba, akisema bei ikiwa nzuri ataongeza wengine.

Mwishowe mama wa nyanya ndiye aliyemwambia kuna dawati la malalamiko. "Mzee, wewe unaongea na rafiki. Nenda uongee na dawati. Rafiki haina stampu."

Akaenda. Dawati hilo lilikuwa la lazima katika masharti ya wafadhili, na tulikuwa tumelifanyia mzaha wote, lakini lilifanya kazi hasa. Msichana aliyekuwa pale alimsikiliza, akaandika, akampa nambari ya lalamiko lake. Halafu akatafuta faili la mradi, akalifungua mbele yake, akamwambia kwa upole, "Mzee, hapa inasema jamii ilikubali, bila masharti yoyote." Akamtolea nakala.

Jarsa hasomi Kiingereza. Lakini mkia wa sahihi yangu aliujua tangu tulipokuwa tukiuchora pamoja kwenye mchanga.

Alikuja mchana huohuo. Hakuketi. Aliweka karatasi kwenye meza ya barazani kwangu.

"Hii mkono ni ya nani?"

"Yangu."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

"Na mimi nilikuja kwako siku gani?"

"Ijumaa."

Akaweka kidole juu ya mkia wa sahihi. "Karani, kalamu yako inasikia kuliko masikio yako. Ilisikia jibu kabla sisi hatujakaa."

Nilisema nilikosea. Nilisema nilitaka mji ushinde.

"Mji imeshinda," alisema. "Mimi si mji?"

Akachukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaondoka. Mke wangu aliyekuwa amesikia yote kutoka dirishani alisema, "Sasa utaenda uyaseme hayo mbele ya watu, au nitayasema mimi." Nikamwambia nitayasema. Nilikaa wiki mbili nikitafuta jinsi.

Jinsi ilikuja yenyewe. Wafadhili walituma mama mmoja mzungu kuja kukagua kama manispaa inafanya ilivyoandika. Mkutano uliitwa kwenye ukumbi wa soko. Ulijaa hadi mlangoni. Mgeni alikuwa amesoma daftari la malalamiko usiku wake wa kwanza hotelini, akataka kumsikia mzee wa ng'ombe mwenyewe. Mtafsiri aliyekuja naye alijua Kiswahili na Kiingereza tu, na Jarsa jambo kubwa hulisema kwa Kiborana. Meneja akageuka akanitazama. "Katibu, tusaidie."

Mtafsiri mzuri hasemi "yeye anasema kwamba". Anasema "mimi". Nilifundishwa hivyo na karani mzee aliyenitangulia: unakuwa mdomo wa mwenye maneno, wewe mwenyewe haupo. Nimekuwa mdomo wa machifu, wa wezi wa mifugo, wa bibi waliodai talaka. Nikasimama kati ya Jarsa na mgeni, mikono nyuma.

Mgeni akauliza: je, uliukubali mradi huu ulipoelezwa?

Jarsa alijibu kwa Kiborana, polepole, macho yake kwangu. Nikageuza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili ukumbi usikie. "Mimi nilisema haye. Nilikuwa nasikiliza. Sikuwa nimejibu."

Ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Jibu langu nililipeleka Ijumaa. Tuliukubali mtaro. Tuliomba mahali pa ng'ombe kupita."

Mgeni akauliza: ulimpa nani jibu hilo?

Jarsa akanyoosha fimbo, ncha yake ikagusa kifua changu. Nami nikatafsiri, kwa maana hiyo ndiyo kazi. "Nilimpa katibu wa jukwaa. Ni huyu hapa. Alikuwa ameandika 'Ndiyo' siku moja kabla, na jibu langu hakulifikisha. Aliniambia wanashughulikia. Hakukuwa na mtu anayeshughulikia."

Mtu mmoja akacheka, kisha kumi, kisha ukumbi mzima. Walikuwa wakimwona mzee mzima anajishtaki kwa lugha mbili akiwa amesimama wima kama askari. Mama wa nyanya akasimama juu ya kiti. "Uliza huyo mtafsiri kama ametafsiri sawa!"

Nikamjibu, "Nimetafsiri sawa. Kila neno ni kweli. Sasa niruhusuni niseme yangu." Nikasema. Nilisema kuhusu Alhamisi, kuhusu daftari, kuhusu chai. Kisha nikalitoa daftari lenyewe mfukoni, nikasoma maneno ya wazee kama yalivyoandikwa: pana, kama lango ya boma mbili.

Hapo palikuwa na hatari, na kila mtu wa bodi aliiona. Fomu yenye uongo ingeweza kutufutia fedha za mwaka uliofuata. Meneja alikuwa ameshika kichwa. Mgeni aliandika kwa muda mrefu.

Aliyesema wa kwanza ni mhandisi. Alikuwa ametoa kalamu yake. "Mzee," alimuuliza Jarsa kwa Kiswahili, "lango la boma moja ni hatua ngapi?"

Jarsa akaweka fimbo chini, akatembea mbele ya ukumbi akihesabu hatua. Akageuka akarudi, akahesabu boma la pili. "Na simiti isikuwe laini," aliongeza. "Ng'ombe itateleza."

"Tutaichora mistari," mhandisi alisema. "Na kuta pembeni?"

"Mpaka goti. Isizidi, ng'ombe itaogopa."

Wakaendelea hivyo, wawili hao, mbele yetu sote, na mimi sikuhitajika tena kutafsiri. Mgeni aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno machache: uongo uandikwe kuwa uongo, fomu isahihishwe, kivuko kiingie kwanza kwenye mpango unaofuata. "Nitarudi," alisema, "na nitataka kuona ng'ombe, si picha ya ng'ombe."

Hatukupoteza fedha. Watu walitoka ukumbini wakiimba. Mimi nilijiuzulu ukatibu siku hiyohiyo, kwa maandishi, na bodi ikakubali kwa haki. Mama wa nyanya akachaguliwa badala yangu. Anaandika kwa herufi kubwa kama za kwenye mabango, na hakosei.

Ni yeye aliyeleta utaratibu ambao sasa kila mradi wa manispaa unaufuata. Mikutano ni miwili. Wa kwanza ni wa kueleza, na hakuna anayeruhusiwa kuandika neno "wamekubali". Wa pili unakuja baada ya siku saba. Hapo mihtasari inasomwa kwa sauti kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kiswahili, na watu wanainua mikono. Makaratasi ya ofisi yana majina marefu ya mikutano hiyo. Mjini tunaiita Siku ya Haye na Siku ya Jibu. Wageni wamekuja kutoka miji mingine kuiga, na nimewasikia watu wa mbali kabisa, wasiojua Kiborana hata cha salamu, wakiulizana: "Sisi Siku ya Haye ni lini?" Hiyo ni fahari yangu, ingawa chanzo chake ni aibu yangu. Kila mradi tuliojenga tangu hapo, soko, choo cha stendi, machinjio mapya, umepita siku zote mbili. Mmoja ulikataliwa Siku ya Jibu, na hapana ile ikaheshimiwa. Ofisi ilirudi ikauchora upya. Katika maisha yangu yote ya ukarani sikuwahi kuona serikali ikiambiwa hapana na ikaondoka kwenda kufikiri.

Kivuko kilikamilika mwaka uliofuata. Ni kipana kama alivyotaka, kimechorwa mistari, kuta hazizidi goti. Mgeni alirudi kama alivyoahidi. Asubuhi ya ufunguzi ng'ombe wa kwanza walishuka kutoka upande wa Leparua, wengi, vumbi likitangulia, kengele shingoni. Wa mbele alisimama, akanusa simiti. Kisha akapita, na wote wakamfuata, na wanawake wakapiga vigelegele hadi mtoni. Sijawahi kuona mji wangu ukiwa na furaha ya namna ile. Nami nilipiga makofi hadi viganja vikauma.

Hawakuwa ng'ombe wa Jarsa. Katika mwaka ule wa kungoja, kiangazi kilikuwa kirefu na njia ya kuzunguka ilikuwa ileile, na aliuza mmoja mmoja mpaka boma likabaki na miba tu. Alipouza wa mwisho alihamia Kulamawe kwa wanawe. Ana duka dogo huko, anauza sukari, majani ya chai na betri za tochi, mtu ambaye tangu utoto alijua kazi moja tu.

Nimemfuata mara mbili. Alinitandikia mkeka, akaniletea maziwa, akaniuliza habari za safari na mvua za Isiolo, yote kama anavyostahili mgeni kutoka mbali. Niliomba msamaha, akasema amesamehe, na ninaamini amesamehe. Lakini hakunipa barua ya kusoma, wala hakunitania, na alipofika mteja alinitambulisha kuwa mtu wa mjini aliyekuja kusalimia. Mara ya tatu nilituma ujumbe kwamba ninakuja. Akanijibu kwa adabu kwamba nisijisumbue, njia ni ndefu kwa umri wetu.

Mgeni aliniambia aliporudi kwamba mji ulioomba siku moja ulipewa. Ningesema hapana Alhamisi ile, tungengoja siku moja, mtaro ungekuja na kivuko chake, na mji ungeshinda vilevile. Tiki yangu haikuupatia mji chochote ambacho usingekipata bila yake. Jarsa ilimmalizia ng'ombe wake wote. Mimi ilinipotezea rafiki yangu wa pekee, na ninajua sitampata tena.